Miasumini na miwaridi ya ndani ina weupe na utando: je, ni ukungu au wadudu?

Mtunga Vikuba (Mkunazini, Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu miasumini na miwaridi ninayoipanda kwenye vyungu ndani ya nyumba. Mengine nimeyaweka ukumbini ghorofani, kwenye dirisha moja linalopata jua la mchana, na mengine yako kwenye ua wa ndani uliozungukwa na kuta ndefu, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Maua haya ndiyo ninayotungia vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa, na kupambia vitanda vya maharusi, na sasa miti imejaa vitumba.

Tangu kipupwe kianze, majani machanga ya miwaridi iliyoko uani yamepakwa unga mweupe na kujikunja, na unga huo umeshafika kwenye shingo za vitumba. Miasumini nayo ina vitu vyeupe vilivyojibana kwenye maungio ya majani, na majani ya chini yananata. Ile ya dirishani imepauka, ina vidoa vidogo vya manjano, na kwenye ncha zake pana utando mwembamba. Duka moja la pembejeo lilinipa saipamethrini, dawa ya kuua wadudu, na kuniambia kuwa itamaliza kila kitu. Baada ya kuinyunyiza, utando uliongezeka. Je, ukungu huu ni wa aina gani, na ninaweza kunyunyiza dawa juu ya vitumba ambavyo watu watavivaa?

Bwana Shamba Mstaafu (Kizimbani)

Waalaykum salaam, Bi Mtunga Vikuba. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona una maradhi matatu na si moja, na kila moja linapenda hali yake. Kabla hujanunua dawa nyingine, nakuomba uthibitishe mambo mawili. Kwanza, futa unga wa mwaridi kwa kidole: ukitoka kama vumbi na jani likabaki kijani chini yake, huo ni ubwiriunga, yaani ukungu unaofanana na unga. Pili, chukua tawi la mwasumini wa dirishani, likung'ute juu ya karatasi nyeupe, kisha tulia kidogo na utazame. Vinukta vikianza kutembea, huo ni utitiri. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaona miguu minane na madoa mawili meusi mgongoni, ingawa mnyama mwenyewe hafiki hata milimita moja.

Ubwiriunga wa waridi, ambao wataalamu huuita Podosphaera pannosa, huishi juu ya ngozi ya jani na kupenyeza vinyonyeo vyake ndani. Watu wengi hudhani unaletwa na majani kulowa, lakini mbegu zake huota bila ya jani kuwa na tone la maji; kinachoupendeza ni hewa nzito isiyotembea na usiku wenye ubaridi kidogo, na ua wako wenye kuta ndefu unaupa vyote viwili. Ukungu huu pia huchagua mti wake. Ule wa waridi hauhamii kwenye asumini, na ndiyo maana nasema weupe wa miasumini yako si ukungu bali ni vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu, na kule kunata ni mkojo wao mtamu. Tazama kama sisimizi wanapanda. Wakiwepo, hutakuwa na shaka tena.

Utitiri, kinyume chake, hupenda joto na ukavu, kwa hiyo dirisha lenye jua limewafaa. Kwenye nyuzijoto 30 kizazi kizima hukamilika kwa muda unaozidi wiki moja kidogo tu. Hawa si wadudu wa miguu sita, ni jamaa wa buibui, na dawa uliyopewa huwadhuru kidogo huku ikiwaua maadui wao waliokuwa wakiwala. Hapo ndipo utando ulipozidi. Mashamba makubwa ya mawaridi ya Naivasha, Kenya, hununua utitiri mlaji aitwaye Phytoseiulus persimilis na kuuachia huru kwa sababu hiyo hiyo: wamechoka na dawa zinazoacha adui na kuua rafiki.

Bibi wa Asumini (Wete, Pemba)

Mwanangu, Bwana Shamba amesema kweli kuhusu vidung'ata. Sisi huku huanza na sisimizi, kwa kuwa wao ndio walinzi: hula ule utamu na kufukuza wadudu wengine wanaotaka kula vidung'ata. Weka kila chungu juu ya jiwe ndani ya sahani ya maji, na hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta, la sivyo watapita huko. Badilisha maji mara kwa mara ili usifuge mbu. Kisha chovya pamba kwenye spiriti na ufute maungio, moja baada ya jingine. Ni kazi ya subira, lakini kwa miti ya vyunguni inawezekana, na hakuna harufu inayobaki kwenye maua.

Kwa utitiri, maji ni dawa kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Beba chungu hadi bombani asubuhi, kilaze ubavu, na upige maji upande wa chini wa majani, kwani huko ndiko wanakotaga. Rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili au zaidi, maana mayai hayatoki yote kwa mara moja. Mafuta ya mwarobaini nayo yanafaa, mililita 5 kwa lita moja ya maji pamoja na sabuni kidogo ya kipande iliyoyeyushwa, jioni jua likishapoa. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, huunguza majani. Lakini mwarobaini una harufu kali, na asumini iliyonyunyizwa haifai kikuba. Tumia kwa miti ambayo umeshaivunja maua tu.

Mtunga Vikuba (Mkunazini, Unguja)

Nawashukuru sana, Mzee wangu na Bibi. Nimekung'uta tawi juu ya karatasi na vinukta vimetembea. Sisimizi nao wamejipanga kwenye shina. Unga wa miwaridi umefutika kwa kidole. Limebaki swali la ubwiriunga: jirani yangu mwenye asili ya Mtwara ameniambia wao hupulizia mikorosho salfa. Je, niitumie, ilhali harusi inakaribia?

Bwana Shamba Mstaafu (Kizimbani)

Salfa ni dawa ya kweli ya ubwiriunga, na wakulima wa korosho wa Mtwara wanaitegemea. Kwako, hata hivyo, nisingeishauri kabla ya harusi. Unga wake hubaki kwenye petali na kuwasha ngozi na macho, na mawaridi yako yatalaliwa. Tena huunguza majani joto likizidi nyuzi 32, na haipatani na mafuta: aliyetumia mwarobaini asubiri wiki mbili kabla ya kuweka salfa kwenye mti huo.

Fanya hivi. Kata matawi yaliyoathirika vibaya, pamoja na vitumba vyenye unga hata kama inauma, uyatie kwenye mfuko na kuufunga papo hapo, usiyaache uani. Tenganisha vyungu ili hewa ipite kati yao, na punguza matawi ya katikati ya kila mti. Majani yaliyobaki yaoshe kwa maji asubuhi ili yakauke kabla ya usiku, kwa sababu mbegu za ukungu huu huharibika zikilowa. Majani, si vitumba, unaweza kuyapulizia maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, mara moja kwa wiki, kukiwa na mwanga. Mtafiti Bettiol wa Brazil alichapisha mwaka 1999 majaribio yake ya maziwa kwenye mamumunye yenye ubwiriunga, na matokeo yalikuwa mazuri.

Kwa harusi, vunja maua ya miti iliyo safi peke yake. Ile uliyoinyunyizia saipamethrini, vitumba vilivyokuwepo siku hiyo vikate na uvitupe, usivitungie kikuba wala usivimwage kitandani, na usubiri vitakavyochipua upya.