Mwewe aliyevunjika bawa: tumtibu au tumwache?

Wapo wanaosema kumtibu mwewe au tai aliyejeruhiwa ni kupoteza fedha. Porini mnyonge hufa, wanasema, na fedha hizo zingelinda misitu wanamozaliana ndege wengi. Hoja nzito hiyo, ila mimi naipinga.

Majeruhi wengi wanaofikishwa kutibiwa hawakuumizwa na pori. Wameumizwa na nyaya za umeme, magari, vioo vya madirisha, sumu ya panya. Bundi akila panya mwenye sumu, damu yake haigandi tena, anavuja ndani kwa ndani hadi anaishiwa. Hapo mnyonge hakushindwa na mwenye nguvu, tumemuua sisi.

Halafu kuna ndege adimu ambao kila mmoja anahesabika. Kondori wa California, ndege wakubwa wa Marekani, walibaki 22 tu mwaka 1982. Hadi leo hukamatwa, hupimwa damu na kutibiwa sumu ya madini ya risasi (ledi), kwa sababu hula mizoga yenye vipande vya risasi za wawindaji. Kondori hutaga yai moja tu kila anapotaga, tena baada ya kungoja miaka 6 au zaidi ndipo aanze kuzaa. Akifa mmoja, pengo lake huzibwa lini?

Niliwahi kumshika kipanga aliyevunjika manyoya ya bawa, kichwa kimefunikwa taulo, miguu nimeibana kwa vidole (anayeumiza ni kucha, si mdomo). Mtibabu alikata kila unyoya palipobaki pazima, akachomeka kijiti chembamba cha mwanzi kwenye mrija wake, akatia gundi, kisha akavika juu yake unyoya wa kipanga mwingine aliyekufa. Unyoya baada ya unyoya, kimya kimya. Bila kazi ile angengoja miezi mpaka manyoya mapya yaote.

Lakini nakosana na waokoaji wenzangu mahali pamoja: ndege asiyeweza kurudi porini. Mfupa ukivunjika karibu na kiungo, mara nyingi hupona huku kiungo kimekakamaa. Bandani ataruka kutoka kijiti hadi kijiti, na watu watafurahi. Kuwinda hawezi. Anafungiwa miaka, anasimama kutwa pale pale, nyayo zinavimba na kutoka vidonda, na kila mtu akipita anajigonga kwenye wavu kwa hofu. Wanaomtunza wanampenda, najua. Mimi nasema huyo apewe sindano afe bila maumivu, siku ile ile daktari anapothibitisha kwamba bawa halitakunjuka. Namwondoa hapa aliye adimu anayeweza bado kuzaa akiwa kizuizini; huyo vifaranga wake watarudi porini kwa niaba yake.

Wenzangu wananiita katili kwa hilo. Basi anayeona nimekosea anieleze: tai wa bawa moja anafaidi nini ndani ya tundu la hatua nne?