Kila ninapoihariri picha huharibika: nakosea wapi?

Mwanagenzi

Salamu kwenu nyote. Nimepiga picha kwa takribani mwaka mmoja sasa, na naona kwamba kikwazo changu si kamera, bali yale ninayoyafanya baada ya picha kufika kwenye kompyuta. Picha inayonisumbua ni ya mpwa wangu akisoma kitabu kando ya dirisha: uso wake ulitoka na giza, dirisha likawa jeupe pe. Nilivuta kitelezi cha vivuli hadi mwisho, nikaongeza ukolevu wa rangi, kisha nikanoa kingo. Usiku ule niliridhika sana. Asubuhi nilipoifungua tena, uso ulikuwa wa kijivu wenye chembechembe, mashavu yamegeuka rangi ya chungwa, na kichwa kimezungukwa na mstari mweupe kama taji ambalo hakuna aliyemvika. Niliowaonyesha walisema "nzuri sana" wakaniacha palepale nilipokuwa. Nitatambuaje kwamba nimepitiliza, na niombe maoni kwa namna gani ili nipate zaidi ya sifa?

Fundi Mwanga

Ndugu, nashuku uliipiga kwa JPEG, yaani faili la picha ambalo kamera imekwisha kulichakata na kulibana. Faili la namna hiyo huhifadhi viwango 256 tu vya mwangaza kwa kila moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, ilhali RAW, yaani faili ghafi la kamera, ikiwa ya biti 14 hubeba viwango 16,384. Kwa hiyo ukijaribu kuutoa uso gizani katika JPEG, unachokipata zaidi ni chembechembe na mabaka. Dirisha nalo likishakuwa jeupe kabisa halirudi, kwa kuwa hapakurekodiwa kitu, na hata RAW ina kikomo chake. Siku nyingine itazame histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mwangaza wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, kabla hujaondoka mahali pale: mlima ukiwa umebanana na ukuta wa kulia, punguza mwanga upige tena.

Kuhusu mashavu, ulianza na ukolevu kabla ya kurekebisha mizani ya weupe, yaani kuipatanisha picha na rangi ya mwanga ili kitu cheupe kionekane cheupe. Mwanga wa mchana huwa karibu na kelvini 5,500 (kipimo cha rangi ya mwanga) na balbu ya manjano karibu na 2,700, hivyo ikiwa taa ilikuwa inawaka chumbani, uso ulipokea mianga miwili isiyopatana, nawe ukaikuza tofauti hiyo. Ule mstari mweupe unatokana na kunoa kupita kiasi, kwa sababu programu hunoa kwa kuzidisha tofauti ya mwanga na giza pale kingo zinapokutana. Kagua picha ikiwa imekuzwa kwa asilimia 100, na kitelezi ukishaona wazi kazi yake, kirudishe nusu.

Jicho Kavu

Nakubaliana na Fundi isipokuwa kwenye dirisha. Mimi ningeliacha jeupe, maana anayetazama anajua kwamba dirishani ndiko mwanga unakotoka. Kinachomkera ni uso wa kijivu.

Kuhusu maoni, ukiuliza "mnaionaje?" utajibiwa "nzuri", kwa kuwa hapo adabu ndiyo inayojibu. Weka picha ya awali na iliyohaririwa sambamba, sema ulikusudia nini, kisha uliza: jicho lako limetua wapi kwanza, na likaelekea wapi baadaye? Mkosoaji naye ana wajibu wa kutaja mahali na sababu. "Rangi mbaya" haimsaidii mtu, lakini "shavu la kushoto limekuwa jekundu kuliko mkono, ilhali vyote viko kwenye mwanga uleule" linampa mpiga picha kazi ya kufanya.

Mwanagenzi

Nawashukuru. Ilikuwa JPEG kweli, na taa ya dari ilikuwa inawaka. Nimeanza upya kutoka faili la awali, nikaongeza mwanga usoni peke yake na kwa kiasi kidogo, nikaliacha dirisha lilivyo. Kisha nikamuuliza dada yangu swali la jicho, naye akajibu bila kusita: "Ndoo ya bluu." Nimekaa na picha hii saa nyingi, na sikuwa nimeiona ndoo iliyo nyuma ya kiti! Nimeikata upande huo. Kutoka pikseli 6,000 kwa 4,000 nimebakiwa na 5,000 kwa 4,000, ambazo bado zinatosha.

Jicho Kavu

Na mkono unaoshika kitabu, umebaki mzima?

Mwanagenzi

Kidole gumba kimeondoka na ndoo. Narudi kukata upya.