Besi la kusimama, London

*Kikundi: Watu wa Malindi, Unguja*

Salma: Assalaam aleikum jamaa, shikamooni wakubwa. Ndo natoka Wigmore Hall, ukumbi wa muziki. Mjomba Haji, nna habari yako! Jukwaani palikuwa na besi la kusimama.

Mjomba Haji: Wa aleikum salaam, marahaba mwanangu. Besi? Si ulisema unakwenda kusikiliza piano?

Salma: Piano, fidla, viola (fidla kubwa kidogo), selo (kubwa zaidi, hupigwa mtu amekaa) na besi. Watu watano basi. Muziki wa Schubert, mtunzi wa Austria, aliutunga 1819 akiwa na miaka 22.

Shangazi Rukia: Na mwimbaji jee?

Salma: Hakuna shangazi. Ala tupu, kama dakika 40.

Mjomba Haji: Bashraf hiyo, kama zetu za taarab zisizo na mwimbaji.

Salma: Bashraf ya sehemu tano 😊 Na hakuna wa kuwaongoza. Wanatazamana tu. Wa fidla akivuta pumzi, wote wanaingia.

Abdul: Ukumbi mkubwa?

Salma: Viti kama 550. Waliujenga Bechstein, watengenezaji wa piano wa Kijerumani, ukafunguliwa 1901. Vita vya kwanza vilipokuja wakanyang'anywa, na jina likabadilishwa.

Mjomba Haji: Yaache hayo ya ukumbi. Besi lilikuwa linafanya nini?

Salma: Subiri niingie kwenye basi nikuandikie vizuri.

Mama: Umevaa koti lakini?

Salma: Nimevaa mama.

Salma: Haya mjomba. Siku hizi piano ikikaa na ala nne za nyuzi, mara nyingi utakuta fidla mbili, viola na selo. Hapa fidla moja imetolewa, limewekwa besi. Aliyeomba utungwe ni Paumgartner, mpenda muziki wa mji wa Steyr, Austria, mwenyewe akipiga selo. Sasa besi likishika chini, selo haina tena mzigo wa kubeba wenzake. Inapanda juu inaimba.

Mjomba Haji: Umesema kweli tupu. Watu wanadhani wa besi kazi yake kugonga nyuma. Besi likiyumba, fidla zote na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zinapotea. Nimelipiga ujana wangu wote, najua.

Mjomba Haji: Na hao wote wanafuata sauti moja, kama fidla zetu?

Salma: Hapana, kila mmoja ana njia yake. Ndo maana sehemu ya nne ilinikamata. Schubert alichukua wimbo wake mwenyewe, Die Forelle, wa samaki kijitoni: mvuvi anayachafua maji ili amnase. Kwanza nyuzi peke yao, piano kimya. Kisha piano inaupokea. Kisha viola. Halafu mjomba, selo na BESI wanauchukua wimbo, na piano inakimbia juu yao mbio mbio!

Mjomba Haji: Besi linapiga wimbo wenyewe?

Salma: Wenyewe. Nilisogea mbele kwenye kiti.

Shangazi Rukia: Hapo mimi ningeshainuka kwenda kuwatunza pesa.

Salma: Hakuna kutunza shangazi, na hata makofi hayapigwi mpaka sehemu zote tano ziishe. Katikati watu wanakohoa kidogo, wananyamaza tena.

Shangazi Rukia: Khaa! Raha yote hiyo mtu anaibana kifuani?

Salma: Mwisho yakatoka yote. Waliitwa jukwaani mara kadhaa.

Mjomba Haji: Huo wimbo wa samaki uko sauti gani?

Salma: Re, mjomba.

Mjomba Haji: Vizuri sana. Re ni uzi mtupu kwenye besi, unalia wenyewe bila kidole. Hukurikodi?

Salma: Hairuhusiwi. Lakini rikodi zake ziko tele, nakutumia sasa hivi. Anzia sehemu ya nne.

Mjomba Haji: Tuma. Kesho baada ya alasiri wenzangu wanakuja hapa. Ya piano tutampa wa kanuni. Abdul, njoo unishushie besi, liko juu ya kabati.

Abdul: Nakuja mjomba. Nyuzi zake bado nzima?

Mjomba Haji: Tatu. Ya re ipo.