CD moja dakika 20, nifanyeje iende chapu?

mjukuu_wa_chamwino
Wakuu habari za humu. Mzee kanikabidhi boksi la CD kama 90 hivi, kwaya na ngoma zetu za Kigogo, zeze, ilimba, muheme, anataka zote ziingie kwenye kompyuta kabla vumbi la Dodoma halijazimaliza. Natumia ya mezani ya kitambo, Windows XP na iTunes (programu ya nyimbo), sasa CD ya saa nzima inakula dakika 20, pale juu inasoma 3x, yaani mara tatu ya spidi ya kuisikiliza, wakati draivu yenyewe imeandikwa 52x usoni, na ikianza kazi hadi mausi inakwamakwama. Piga hesabu, saa 30 hizo, na umeme wenyewe ndo huu wa kukatika. Msaada tafadhali

fundi_majengo
Hiyo 52x usiiamini sana mkuu, ni spidi ya ukingoni tu, CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje so nyimbo za mwanzo lazima ziende taratibu. Ingia setingi za iTunes za kuingizia CD, kuna kiboksi cha kurekebisha makosa, toa tiki. Kile ndo kinachelewesha

mama_kwaya
Fundi hapo kwenye tiki toa kwa CD safi tu jamani, zenye mikwaruzo ukiitoa utapata nyimbo zinazorukaruka halafu mzee akuulize umezifanyaje. Zifute kwanza kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kama unaosha sahani. Halafu angalia vizuri, hizi za kuchoma za mtaani nyingi ndani zina MP3 tayari, hizo unakopi tu unapesti, dakika chache umemaliza

kisasa_kwetu
Mbona hakuna aliyejali habari ya mausi?? Mausi kukwama maana yake prosesa ndo inabeba data yenyewe, draivu imeshushwa kwenye PIO, njia ya zamani ya taratibu, badala ya DMA ambayo data inaingia kwenye memori bila kumsumbua prosesa. XP ina tabia hiyo, ikikutana na makosa ya kusoma mara sita inaishusha na hairudishi yenyewe, na kwa CD zenye vumbi mara sita ni asubuhi moja tu. Nenda Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, fungua sehemu ya IDE, ndo njia za draivu na diski, ile chaneli iliyobeba draivu ya CD ifute kisha uwashe upya, XP itaiweka tena yenyewe. Usiogope haifuti kitu chako. Ikishuka tena badilisha waya wa draivu

mjukuu_wa_chamwino
Kisasa ubarikiwe aisee!! Ilikuwa PIO kweli, nimefuta chaneli nikawasha upya sasa inagonga 14x, CD dakika nne na kidogo, na tiki sijaitoa. Mama nawe hukukosea, kwenye boksi nimekuta 31 za MP3, nimezikopi zote jioni hii hii. Imebaki moja ya ilimba imechubuka mgongoni huku kwenye maandishi, mwanga unapita kabisa, hiyo draivu inaitema kila nikiiweka

fundi_majengo
Ikichubuka upande wa maandishi ndo imeondoka na data mkuu, hapo hamna cha kufuta. Muulize mzee kama kuna ndugu ana kopi