Tamasha gani la muziki kwa gari la kulala msimu huu? Tunatokea Arusha

Mkazi wa Sakina

Habari zenu wadau. Tuna Hiace ya paa la juu, dizeli. Viti vya nyuma tumevitoa, tumeweka kitanda cha watu wawili, kabati na sinki, na juu ya paa kuna hema la kukunjua la watu wawili. Betri ya pili ni ya jeli, Ah (ampea-saa) 100. Sola ni wati 200, imefungwa paani mbele ya hema. Friji ni ya volti 12, lita 40.

Tuko watu wazima wanne. Likizo ni siku tisa, kwenda na kurudi, popote kati ya Oktoba na Februari. Tunayoyafikiria ni Tamasha la Bagamoyo pale TaSUBa, chuo cha sanaa, Nyege Nyege ya Jinja, Uganda, lile la mwaka mpya la Kilifi, Kenya, kwenye mibuyu, na Sauti za Busara Unguja. Muziki wa aina yoyote kwetu sawa. Tunataka kujua lipi linafaa kwa gari la kulala, na gari liandaliwe vipi. Nawasilisha.

Dereva wa Himo

Ndugu, chagueni kwa kuangalia gari litalala wapi, wasanii waje baadaye. Anayeanza na bango la wasanii hujikuta analipia maegesho mji huu na chumba cha kulala mji ule.

Sauti za Busara kwa gari hapana. Ni tamasha zuri, lipo tangu 2004, kwa kawaida Februari, lakini jukwaa liko Ngome Kongwe, katikati ya Mji Mkongwe. Vichochoro vile Hiace haigeuki, achilia mbali kukunjua hema. Mtaendesha kilomita zaidi ya 600 mkalifungie gari Dar. Kwa lile pandeni basi, kisha boti, mtafute nyumba ya wageni Malindi au Shangani, mitaa ya hapohapo Mji Mkongwe.

Jinja: kupitia Namanga, Nairobi, Nakuru, Eldoret na Malaba ni kama kilomita 850. Mipaka miwili, siku mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo siku nne kati ya tisa zimeisha barabarani. Miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Novemba, na Novemba kule mvua ipo. Uwanja nao umehamahama: 2022 lilikuwa Itanda, nje ya mji, kwenye barabara ya vumbi. Udongo mwekundu wa Busoga ukilowa unateleza kama sabuni, na Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ikiwa imebeba maji na watu wanne, haitoki pale bila trekta. Mwenye Land Cruiser aende bila wasiwasi. Ninyi acheni mwaka huu.

Bagamoyo: Oktoba au Novemba. Shukeni Moshi, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Mkata hadi Msata, halafu kata kushoto, lami kilomita 64 mpaka Bagamoyo. Jumla kama 560. Hamgusi Chalinze wala foleni ya Dar. Kulala ni kwenye hoteli za ufukweni zinazopokea magari na mahema, mnalipa kwa kichwa, jioni mnatembea kwa miguu kwenda TaSUBa. Mjue tu kwamba pale uzito uko kwenye ngoma za asili, sarakasi na maigizo. Anayetaka kucheza muziki wa dansi mpaka alfajiri siku tatu mfululizo atapungukiwa.

Kilifi ndilo ninalowashauri. Watu wanapiga kambi hapohapo uwanjani, na ni karibu kuliko wengi wanavyodhani: Moshi, Holili, Taveta, Voi, halafu barabara ya Mombasa. Kupitia Mombasa mjini ni kama kilomita 450 kutoka Arusha. Lakini msiingie Mombasa tarehe 29 au 30 Desemba, daraja la Nyali na Mtwapa vitawalia nusu siku. Mkifika Mariakani kateni kushoto kwenda Kaloleni hadi Mavueni, mnatokea karibu kabisa na daraja la Kilifi. Ni lami, ina vilima na kona, mwendo wa pole.

Taveta hadi Voi ni lami nzuri inayopita kwenye nchi ya wanyama. Tembo wanavuka jioni na usiku, na tembo wa kijivu kwenye lami ya kijivu taa zinamwona akiwa amebaki mita chache. Ondokeni Arusha saa kumi na moja alfajiri, saa mbili muwe Holili, saa sita muwe mmeshapita Voi.

Mama Rau

Namheshimu Dereva, lakini kwa safari ya kwanza na gari jipya mimi ningeanza Bagamoyo. Hakuna mpaka, vipuri vya Hiace vinapatikana kila mji kuanzia Same hadi Korogwe, na kitu kikiharibika unaongea na fundi wa kwenu. Kilifi tarehe 31 Desemba duka la vipuri utalipata limefungwa.

Kama lazima iwe Kilifi, laleni kwenye gari usiku mbili Ziwa Chala kwanza, bila kuchomeka umeme popote. Joto la Chala linazidi la Arusha, mtaona mapungufu mapema. Kila mtakachokihitaji na kukikosa, andikeni.

Maji: hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika, kuosha vyombo na kujimwagia kidogo. Watu wanne siku nne ni lita 160, yaani madumu manane ya lita 20, na ni kilo 160. Msiyatoe Arusha. Bebeni madumu mawili ya njiani, mengine mjaze mkikaribia, na ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi. Madumu yakae sakafuni mbele ya ekseli ya nyuma. Yakiwekwa mlangoni kabisa nyuma, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi, na upepo wa Same au wa Voi utawasukuma mpaka upande wa pili.

Choo cha kubebeka cha lita 20, watu wanne wanakijaza kwa siku mbili. Kitumieni usiku tu, mchana nendeni vyoo vya uwanjani.

Na chandarua! Watu wa Arusha na Moshi tunasahau kwa sababu kwetu mbu si wengi. Pwani malaria ipo. Wavu uwe kwenye kila dirisha mtakalolala limefunguliwa, na hema la juu mkague zipu zake moja moja mchana, mkiwa na mwanga. Zipu ikiachia hata sentimita tatu pembeni mbu hahitaji zaidi.

Fundi Unga Limited

Nimesoma hesabu ya umeme, hapo kuna shida mbili.

Ya kwanza: friji yako ina kompresa ya kama wati 45. Arusha inazunguka theluthi ya muda, pwani Desemba itazunguka nusu ya muda au zaidi. Hiyo ni kama Ah 45 kwa siku. Ongeza feni mbili usiku kucha, simu nne na taa, unafika Ah 60. Betri ya jeli ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 50 za kutumia. Bila sola hamfiki siku ya pili.

Ya pili ni sola yenyewe. Wati 200 kwenye jua kamili la pwani zitakurudishia kama Ah 55 hadi 60 kwa siku, yaani inatosha kwa shida. Lakini umesema imefungwa mbele ya hema. Hema likikunjuliwa linatupa kivuli juu ya paneli, na kivuli cha robo tu ya paneli hakipunguzi robo ya umeme, kinaweza kuua zaidi ya nusu, kwa sababu seli zimeungwa mfululizo na ile iliyofunikwa inazibana nyingine. Halafu ninyi wenyewe mtatafuta kivuli cha mti ili mlale. Haviendi pamoja.

Dawa: ing'oeni paneli paani, iwe ya kuweka chini, kwa waya wa mita 10. Gari likae kivulini, paneli ikae juani, muigeuze mara tatu kwa siku. Waya uwe wa milimita za mraba 6. Ukitumia wa 2.5 kwa umbali huo unapoteza kama volti moja na nusu njiani. Kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya sola, ikae karibu na betri, si karibu na paneli. Paneli muifunge na mnyororo.

Angalieni pia kama kuna rilei, yaani swichi inayojizima yenyewe, ya kutenganisha betri mbili. Nimeona magari mengi ya mtaani betri zimeungwa moja kwa moja: friji inakula zote mbili usiku, asubuhi gari haliwaki. Nunueni mita ndogo ya volti. Betri ikiwa imetulia, 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, hapo zima friji. Usiku wa kuamkia safari friji ichomekwe umeme wa nyumbani, na chupa nne za lita moja na nusu zilizoganda ziingizwe ndani. Friji iliyojaa baridi tangu mwanzo inakunywa kidogo sana siku mbili za kwanza.

Paa la juu pamoja na keria na hema lililokunjwa mnakaribia mita 2.7. Pimeni kwa futi, muandike kwenye karatasi, mbandike mbele ya dereva. Sheli nyingine zina paa la chini, na mageti ya hoteli ndiyo yanayochana mahema.

Wakala Holili

Makaratasi, kwa sababu hapo ndipo watu wanarudishwa. Pasipoti kwa kila mtu. Kadi halisi ya gari, na kama jina lililoandikwa si la mmoja wenu, au gari liko kwenye mkopo, barua ya mmiliki au ya benki inayoruhusu gari kutoka nchini. Bima ya Kadi Njano ya COMESA, ombeni kwa kampuni yenu ya bima kabla ya kuondoka. Kumbukeni inafidia mtu mwingine mtakayemgonga, si gari lenu. Bima kubwa ya hapa nyumbani haivuki mpaka hadi uombe iongezwe.

Kadi ya homa ya manjano mtaulizwa zaidi wakati wa kurudi. Chanjo inahesabiwa halali kuanzia siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchoma siku mbili kabla ya safari hakusaidii.

Kama mlibadilisha Hiace kutoka ya abiria, hakikisheni kadi inasema hivyo. Afisa analinganisha rangi, namba ya chesisi, namba ya injini na viti. Kadi ikisema viti 14 na ndani kuna kitanda, mtakaa pale mkieleza. Kibali cha muda cha gari mnapata upande wa Kenya, kituo ni kimoja cha pamoja, mlango wa pili tu. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani.

Mkazi wa Sakina

Asanteni sana wote. Tumeamua Kilifi, na Chala tutakwenda mwezi mmoja kabla. Paneli tunaing'oa. Mawili yamebaki: tukifika uwanjani tuegeshe wapi, na jiko la gesi tubebe mtungi wa kilo 6 au 15?

Dereva wa Himo

Kilo 6 unatosha na unabaki. Watu wanne mkipika mara mbili kwa siku hamzidi gramu 300. Mtungi usafirishwe ukiwa umesimama wima, umefungwa kwa mkanda, na koki imefungwa kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Someni kwanza masharti ya tiketi, kwa sababu baadhi ya matamasha hayaruhusu moto eneo la mahema. Kibali cha gari pia kwa kawaida ni tofauti na tiketi ya mtu, msije mkafika na tiketi nne na gari likabaki nje.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama mvua inanyesha na hata kama limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu na watu hufa usingizini.

Kuegesha: fikeni tarehe 29 au 30 mchana, si 31. Desemba upepo ni kaskazi, unavuma kutoka kaskazini mashariki, na sauti inakwenda na upepo. Mkikaa upande wa kusini magharibi wa jukwaa, besi itawatingisha hata mita mia tano. Kaeni kaskazini mashariki yake. Usiku upepo ukitulia tofauti inapungua, lakini bado inasaidia.

Tafuteni mti ulio mashariki ya gari, jua la saa kumi na mbili na nusu lisigonge bati mkiwa ndiyo kwanza mmelala. Msiegeshe chini kabisa ya mbuyu, matawi yake ni mepesi kuvunjika, na chini ya mnazi msithubutu. Kivuli chake kiwafikie, shina liwe mbali. Pua ya gari ielekee njia ya kutokea, na muachie mlango wa nyuma nafasi ya mita mbili, kwa sababu usiku wa tarehe 30 kila pengo litajazwa.

Kukiwa na mchanga, shusheni upepo wa matairi hadi psi 25 kabla hamjazama. Mwendo uwe chini ya kilomita 30, msikate kona ghafla, na mjaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu ya volti 12 iungwe kwenye betri, ile ya kuchomeka tundu la sigara inaunguza fyuzi.

Mama Rau

Mbao nne za sentimita tano kwa ajili ya kusawazisha magurudumu, Mkazi. Gari likiinama kidogo tu, maji ya sinki hayatoki na wa kitandani wanaamka wamebanana upande mmoja. Pimeni kwa sufuria yenye maji juu ya kabati kabla ya kukunjua hema, baada ya hapo hamtataka kulisogeza gari tena.