Likizo ya familia Udzungwa, Iringa na Mto Ruaha Mkuu: ninaomba ushauri wa ratiba

Msafiri wa Tabata:
Habari zenu, ndugu zangu. Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, ninakusudia kuondoka Dar es Salaam na familia yangu kwa siku saba, na safari hii tumekubaliana kwamba hatuendi baharini. Tutakuwa watano: mimi na mke wangu, vijana wetu wawili wa miaka 14 na 16 wanaotaka kupanda mlima na kuoga kwenye maporomoko, pamoja na baba yangu mzazi mwenye miaka 71, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye magoti hayamruhusu kupanda chochote lakini hajawahi kufika Kalenga na amekuwa akilitaja jambo hilo kwa miaka mingi. Gari letu ni dogo, la chini. Nimefikiria Mikumi, Udzungwa, Iringa mjini, Isimila na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Je, yote haya yanaingia katika siku saba? Na je, ni salama vijana kuogelea mtoni?

Mkazi wa Mang'ula:
Karibuni sana Kilombero. Nianze na la mto, kwa kuwa ndilo linaloweza kuharibu safari nzima. Ruaha Mkuu na Kilombero si mito ya kuogelea: ina mamba na viboko, na penye maji yaliyotulia kuna hatari ya kichocho. Vijana wangoje maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ambako maji huanguka kwa ngazi kutoka urefu wa mita 170 hivi na kutengeneza vidimbwi ambavyo watu huoga, mradi kwanza mumwulize mwongozaji wenu kama hali ya siku hiyo inaruhusu.

Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za kutalii kwa gari. Ndani ni kwa miguu na kwa mwongozaji. Matembezi ya Sanje huchukua kama saa nne kwenda na kurudi, kwa hiyo anzeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kilele cha Mwanihana mkiache, maana kinataka siku tatu na kulala msituni. Waambieni vijana wawe watulivu njiani, kwani huko kuna mbega mwekundu wa Udzungwa, na pia mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 ingawa wenyeji walikuwa wakimwona siku zote. Mzee naye hatakosa la kutazama: reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapa chini ya mlima.

Mwalimu wa Iringa:
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Ninaomba msifanye kosa la kuikimbilia Kalenga kabla ya Lugalo. Mkitokea Morogoro, Lugalo iko kando ya barabara kuu kabla hamjafika Iringa mjini, na hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipokivamia kikosi cha Wajerumani kikiwa safarini na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilianguka kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, kisha yeye akaendelea kupigana vita vya msituni hadi Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Mkizifuata sehemu hizi kwa mpangilio huo, hata vijana ambao hawajasoma sana wataelewa kilichotokea.

Katika makumbusho ya Kalenga mtaliona fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini lilifika nyumbani mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa. Mzee atahitaji muda wa kukaa kimya pale, msimharakishe.

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Zana za mawe za pale zina zaidi ya miaka laki mbili. Vijana watashuka korongoni kwenye nguzo za udongo, mzee abaki kwenye makumbusho juu. Jioni moja wapande jiwe la Gangilonga. Na chukueni masweta, kwani mji uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Juni yetu si ya Tabata.

Dereva wa Kitonga:
Mikumi msiihesabu kama kituo. Barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita 50, mtawaona wanyama mkipita, ila msizidishe mwendo wala msishuke. Mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, mpande mchana, kwa sababu ya malori.

Kuhusu Hifadhi ya Ruaha, ninashauri muiache. Msembe, makao makuu ya hifadhi, iko kama kilomita 130 kutoka Iringa, gari la chini halifai, na kwenda kwa siku moja ni kujitesa. Mto Ruaha Mkuu wenyewe mtauona hata hivyo: mtaukuta Kidatu mkielekea Mang'ula, mtaukuta tena Ruaha Mbuyuni penye mibuyu, nanyi mtakuwa mnakwenda kinyume na mkondo wa maji, yanayotoka bonde la Usangu. Vitunguu vya Mbuyuni mnunue wakati wa kurudi, visiwajazie buti.

Msafiri wa Tabata:
Ninawashukuru nyote. Tumeamua usiku mitatu Mang'ula na mitatu Iringa, na Ruaha tumeiacha, ingawa kijana mdogo amenuna. Baba amesoma majibu yenu na sasa anauliza kama tunaweza kufika Mlambalasi, alikofia Mkwawa.

Mwalimu wa Iringa:
Mnaweza. Iko upande huo huo wa Kalenga, mbele zaidi. Kodini gari la juu hapa mjini kwa siku moja, muanze Kalenga asubuhi na kumalizia Mlambalasi, na kijana aliyenuna akae kiti cha mbele.