Kafumbua mdomo, akatoka mtu mwingine!

BintiKijani
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimepishana mnisamehe. Nimetoka kumwona sasa hivi. Nyote mnajua namsema nani. Jina lake silitaji, sitaki kuuchafua uzi wangu.

Tangu walipombadilishia Kermit, yule kikaragosi chura wa The Muppets, mtu wa kumchezesha na kumpa sauti mwaka 2017, niliapa sitaangalia. Na kiapo nimekishika! Nikiona kichwa cha kijani kwenye skrini nageuza uso kama mtu aliyekutana na anayemdai. Leo mtoto wa dada yangu kanijia na simu: "Mama mdogo, si chura wako huyu?" Nikajidanganya kwamba moyo umepoa. Nikasema haya, tuone.

Kafumbua mdomo.

"Hai-ho!"

Jamani. JAMANI! Ile haikuwa hai-ho, salamu yake ya siku zote. Ile ilikuwa sauti ya daktari wa meno anayekuambia haitauma. Kermit wangu akisema hai-ho unasikia mtu aliyepanda ngazi mbio, kachoka, nyuma yake jukwaa linaungua, kuna nguruwe anamtafuta ampige, na bado kafurahi kukuona. Huyu wa leo kafurahi tu. Hana shida hata moja duniani! Chura asiye na shida ni chura gani?

Nimerudisha nyuma nikasikiliza tena. Nikarudisha tena. Mara kumi na moja. Kila nikirudisha inazidi kuwa mbaya. Mtoto kaninyang'anya simu yake.

MzeeWaSoksi
2017? Dada, ulikuwa umelala wapi? Sisi msiba huu tulishauanua matanga zamani, wewe ndiyo unaingia na kilio getini.

BintiKijani
Mwenye uchungu hapangiwi tarehe ya kulia, mkuu.

Na msiniambie ni sauti tu. Mnajua ndani ya kile kichwa hakuna mtambo? Hakuna waya wala betri. Ni mkono mtupu ndani ya kitambaa. Ule uso anaoukunja akikerwa, midomo ikaingia ndani kama katafuna ndimu, ni ngumi ya mtu ile! Kwa hiyo waliombadilisha hawakubadilisha spika, walibadilisha uso mzima. Leo kakunja uso baada ya ile hai-ho yake, nikaona vidole vya mgeni. VIDOLE VYA MGENI.

Kipaza_Sauti
Povu lote hilo. Dada, samahani, umezaliwa mwaka gani?

BintiKijani
1991. Kwani kuna nini?

Kipaza_Sauti
Nilijua! Wakuu sogeeni. Jim Henson, aliyemuumba Kermit na kumchezesha wa kwanza, alifariki tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53. Mwaka huohuo chura akakabidhiwa Steve Whitmire, akakaa naye hadi 2016. Wewe umezaliwa chura ana mrithi tayari! Hiyo "sauti halisi" unayoililia ndiyo ileile waliyoitukana waliokutangulia. Nao walisema si yeye, imekonda, haina moyo. Umerithi kilio cha watu bila kujua kilikuwa kinakusema wewe.

MzeeWaSoksi
Hapo kwisha habari. Fungeni uzi.

BintiKijani
Haufungwi! Vipindi vya zamani vya Henson nimeviangalia kabla sijajua kusoma, vilikuwa vinarudiwa kila siku. Ninawajua wote wawili. Whitmire alipoanza naye aliyumba, nakubali, lakini alifanya kazi pembeni ya Henson tangu miaka ya 1970, alimwona akipumua. Alikuwa anajua chura anavuta pumzi wapi. Huyu wa leo kavuta pumzi KABLA ya hai-ho. Nani anavuta pumzi kabla ya hai-ho? Hai-ho inakutoka, huipangi!

NgumiNdani
Mimi nacheza vikaragosi, si vya televisheni, lakini najua kazi ilivyo. Unasimama mikono juu ya kichwa, shingo imepinda, macho kwenye runinga ndogo hapo chini ili uone kikaragosi chako kinatazama wapi. Mkono wa kulia uko ndani ya kichwa, wa kushoto ndio unaoshika vijiti vya mikono yake au kuvaa mkono wake, ndiyo maana wengi wao utawaona wanatumia kushoto. Na katikati ya mateso yote hayo uchekeshe. Sasa fanya hivyo ukijua dunia nzima inakusubiri ukosee neno moja. Dada, mwonee huruma. Huyo bwana hakuiba chura, alipewa.

BintiKijani
Namwonea huruma asubuhi. Usiku huu hapana. Ile hai-ho bado iko masikioni.

Mama_Elmo
Nyie mnalia habari ya chura, mimi je? Elmo wangu, yule mwekundu wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, alikuwa na Kevin Clash, 2012 akaondoka, mwaka uliofuata kaja mwingine na hakuna aliyeniuliza. Kile kicheko kimebadilika. Watu wanasema ni kilekile. Nimelea watoto watatu na kile kicheko, mtaniambia mimi?

Kipaza_Sauti
Mama, Elmo ndiye wa mwisho wa kulalamikiwa. Bila kubadilishiwa mtu asingekuwepo! Kabla ya Clash alikuwa na Richard Hunt, alimpa sauti nzito ya kukwaruza na hakumpenda hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 akamrushia Clash lile doli, liondoke mbele ya macho yake. Hiyo sauti nyembamba unayoililia ni zao la mabadiliko.

Mama_Elmo
Basi wangeishia hapohapo walipopata.

JichoMoja
Nakubaliana na mwenye uzi kwa jambo moja. Rowlf, yule mbwa mpiga piano, naye alikuwa wa Henson. Henson alipofariki, Rowlf alikaa kimya miaka kadhaa. Walimleta akakaa tu, hasemi. Halafu ndipo Bill Barretta akampa sauti, na watu walimpokea vizuri kwa sababu walikuwa wameshalia wakamaliza. Hivyo ndivyo heshima inavyofanywa. Unanyamazisha kwanza.

BintiKijani
ASANTE! Ndicho ninachosema! Angenyamaza! Angetokea, akapunga mkono, basi. Ningelia vizuri. Badala yake kafumbua mdomo akasema hai-ho mbele ya mtoto mdogo.

Kijiti_cha_Kushoto
Ongezea hii. Will Lee, aliyekuwa mzee Hooper mwenye duka kule Sesame Street, alifariki Desemba 1982. Hawakutafuta mzee mwingine wa kumvalisha aproni yake. Novemba 1983 walimwambia Big Bird, yule kikaragosi ndege mkubwa, mbele ya watoto wote kwamba mzee Hooper amekufa na hatarudi. Nilikuwa mdogo, nilikwenda kulia chooni. Kwa hiyo wanajua kuomboleza hao. Ila ni kwa binadamu tu, kikaragosi anatiwa mkono mwingine na kazi inaendelea.

NgumiNdani
Kwa sababu kikaragosi hajafa, kaka. Ndiyo tofauti. Henson alikufa, chura hakufa. Unataka chura wa tangu 1955 azikwe na kila mtu aliyewahi kumshika?

Kijiti_cha_Kushoto
Sikusema azikwe. Nimesema nilikwenda kulia chooni.

Kipaza_Sauti
Mwenye uzi, swali la mwisho. Big Bird unampenda?

BintiKijani
Big Bird usimwingize hapa. Big Bird ni safi. Hajawahi kuniangusha.

Kipaza_Sauti
Wakuu, mmemsikia. Sasa, dada, kaa chini. Caroll Spinney, aliyekuwa Big Bird tangu mwanzo, alistaafu 2018. Tangu 2015 alikuwa amebaki na sauti tu, mwili ulikuwa umegoma kulibeba lile vazi. Aliye ndani ya manyoya ni nani? Ni HUYOHUYO wako wa hai-ho! Na yule wa kuhesabu, Count von Count, baada ya Jerry Nelson kufariki 2012, ni nani? Huyohuyo! Umemsikia miaka yote ukasema safi, hajawahi kuniangusha.

MzeeWaSoksi
Nimeanguka kitini. Nimeanguka kabisa.

BintiKijani
Sasa hiyo ndiyo imenitia hasira zaidi! Kumbe anaweza! Anaweza kumfanya ndege nisijue, halafu chura wangu ananifanyia vile? Sasa sina hata pa kumsingizia kwamba hajui kazi. Ile hai-ho aliisema hivyo kwa makusudi!

Mama_Elmo
Hapo dada ana hoja.

Yoda_Wa_Kweli
Nyie wote mnadeka. Mmebadilishiwa sauti mnapiga kelele. Sisi wa Yoda, yule mzee mdogo wa kijani wa filamu za Star Wars, tumenyang'anywa kikaragosi chenyewe! Mwaka 1980 alikuwa kitu cha kushikika, Frank Oz aliyemchezesha yumo chini ya sakafu na wenzake, masikio yanacheza, macho yana uchovu. 2002 wakaleta Yoda wa kompyuta anayeruka sarakasi. Sauti ya Oz ileile, lakini wapi! Na mwaka 2011 wakarudi kwenye filamu ya 1999, ambamo alikuwa bado doli, wakamfuta wakamchora upya. Wamemfuta! Nyie angalau mkono upo. Hata kama ni wa mgeni, ni mkono.

JichoMoja
Na Oz huyohuyo alimwacha Miss Piggy, yule nguruwe wa The Muppets. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kaja Eric Jacobson. Mimi ile "haiyaa" ya karate sijaizoea mpaka leo. Kofi la Oz lilikuwa linatoka begani, la sasa linatoka kiwikoni.

Mama_Elmo
Uongo. Miss Piggy yuko sawasawa. Tatizo ni Elmo.

Babu_wa_Sooty
Wajukuu, mimi wangu ni Sooty, dubu mdogo wa manjano wa Uingereza. Harry Corbett alimnunua Blackpool mwaka 1948, mwanawe Matthew akampokea 1976, akaja Richard Cadell 1998. Hatujagombana hata siku moja. Sooty hasemi. Anamnong'oneza mtu sikioni, mtu ndiye anasema. Wangefanya hivyo kwa chura msingekuwa macho saa hizi.

BintiKijani
Babu, shikamoo. Hilo ni wazo. Amnong'oneze mtu hiyo hai-ho yake nisiisikie.

Yoda_Wa_Kweli
Babu, hata kumnong'onezesha ni kazi ya mkono. Kompyuta haiwezi.

Kijiti_cha_Kushoto
Tukizungumzia mkono. Mnakumbuka ibada ya kumuaga Henson, New York, Mei 1990? Spinney aliingia amevaa Big Bird akaimba ule wimbo wa chura, wa ugumu wa kuwa kijani. Mwisho akasema "Asante, Kermit." Alikuwa anaimba humo ndani mkono wa kulia umenyooka juu, haoni nje, analia. Na mkono haukushuka.

JichoMoja
Niliiona ile. Bado siwezi kuirudia.

Mama_Elmo
Kwani haoni nje kabisa?

NgumiNdani
Haoni. Ana kiruninga kimefungwa kifuani, ndicho anachotazamia. Mkono wa kulia unashika kichwa cha ndege, wa kushoto uko kwenye bawa la kushoto.

BintiKijani
Wakuu, turudi kwenye mada. Nimesikiliza tena ile hai-ho, safari hii kwa spika kubwa, na pale kwenye "ho" kuna kitu

Mama_Elmo
Ngoja kwanza. Kulia kiko kichwani, kushoto kiko bawani. Sasa bawa la kulia linachezwa na nani? Mbona linacheza?

NgumiNdani
Limefungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Unapita chini ya shingo unaunganishwa na bawa la kushoto. La kushoto likishuka, la kulia linapanda.

Yoda_Wa_Kweli
Unatania. Siku zote ni mshipi?

Mama_Elmo
Miaka yote hiyo lilikuwa linanipungia mshipi?

Babu_wa_Sooty
Mshipi wa unene gani huo, mwanangu? Maana wa kuvulia unaonekana ukipigwa na taa.